Uchungu Uleule

Umeme ulikuwa umekatika Kumasi tangu alfajiri. Inspekta Anane Sarpong alikaa saa tatu nzima kwenye stuli ya maabara ya chuo, kichupa cha unga mweupe mkononi, akisubiri taa iwake. Wiki sita za upelelezi zilikuwa zimeishia kwenye kichupa kile. Kama nacho kingemnyima jibu, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Dakta Mansa Yiadom, mwalimu wa kemia, hakuwa na papara. Alikuwa mwanamke mrefu, na katika mwaka ule wa themanini na tatu alikuwa amekonda kama kila mtu, mifupa ya shingo imemtoka, ile ambayo watu waliitania kuwa ndiyo mkufu wa mwaka. Sarpong alimjua kutoka mahakamani, alipowahi kutoa ushahidi kuhusu gongo iliyopofusha wanywaji. Dakta akamwambia aeleze yote tangu mwanzo bila kuruka kitu, maana umeme ungerudi ukipenda wenyewe.

Sarpong akaeleza. Asuokwaa ulikuwa mji mdogo wenye kituo cha afya cha vitanda kumi na viwili. Moto wa msituni ulikuwa umeteketeza kakao, Waghana waliofukuzwa Nigeria walikuwa wamerudi na matumbo yao matupu, na mvua za kwanza zilipoanguka zikaja na homa. Klorokwini ilikwisha mwezi Aprili. Mei kituo kikapata kwinini ya unga, na mtoa dawa akaikoroga kwa maji, ndimu na asali, watoto wakanyweshwa kwa kijiko. Wengi wao waliinuka wakarudi kwao. Watano hawakuinuka.

"Walikufaje?"

"Ghafla. Mmoja alikuwa amekaa kitandani akila uji. Akaangusha kijiko, akaanguka mwenyewe."

Wote watano walikufa katika zamu ya muuguzi mmoja, Sista Dufie Amankwaa. Wiki moja kabla ya kifo cha kwanza Dufie alikuwa amegombana kisimani na mama wa marehemu, na kuna waliosikia akimwambia, "Utanikumbuka." Mji ukaunganisha neno na kaburi. Siku ya mazishi ya mtoto wa tano walipiga nyumba ya Dufie mawe mpaka bati likatoboka, na Sarpong akaenda kumchukua akamtia mahabusu. Nusu kumwokoa, nusu kwa sababu naye aliamini.

Dakta Mansa alikuwa akisikiliza huku akifuta kioo kwa pindo la koti lake. "Kituo kina wauguzi wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa Inspekta, ulitaka wafie zamu ya nani?"

Sarpong aliendelea na maelezo. Kabla ya kuishuku dawa alikuwa amepoteza siku kumi kufuatilia kokonte, ule unga wa muhogo mkavu uliokuwa ndio chakula pekee mjini, akidhani muhogo mchungu haukulowekwa vizuri kwa sababu ya njaa. Alikusanya unga kutoka nyumba zote tano. Lakini mababu, shangazi na wadogo wa marehemu walikuwa wamekula chungu kimoja nao, na hakuna aliyepata hata kichefuchefu. Hapo ndipo alipozifungia chupa zote za dawa pamoja na kopo la unga, akapeleka sampuli maabara moja ya Accra. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Wameonja, ni chungu. Wameweka chini ya taa yao ya zambarau, unang'aa buluu kama inavyopasa. Wametia dawa zao za maabara, umegeuka kijani kama inavyopasa. Hitimisho: kwinini halisi.

"Nikaandika kibali kopo lirudishwe kituoni," Sarpong akasema. "Tarehe kumi na nne Juni. Homa ilikuwa imejaa wodi, na dawa nimeifungia mimi. Nikatia sahihi."

Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi mbili zilizokunjwa, akazitandaza mezani. Zilikuwa kadi za joto la wagonjwa. Moja ya Boatemaa, msichana wa miaka minne, aliyekufa tarehe ishirini Juni. Nyingine ya Fofie, mvulana wa miaka sita, aliyekufa tarehe ishirini na tatu. Wakati huo Sista Dufie alikuwa nyuma ya nondo, na funguo zilikuwa kwenye mkanda wa Sarpong mwenyewe.

Mstari wa kalamu kwenye kila kadi ulipanda siku ya kwanza, ukayumba siku ya pili, siku ya tatu ukashuka mpaka palipo kawaida. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

"Homa imekwisha," Dakta akasema polepole, "halafu mtoto amekufa."

"Wote saba. Nimelinganisha kadi zote. Sijawahi kuona malaria inayoua baada ya kuondoka."

"Kuna aliyepima mapigo?"

Sarpong akatazama mikono yake. Dufie alikuwa amepima. Katika maelezo aliyoyatoa siku ya kwanza alisema mapigo ya watoto yalikuwa yakikimbia, yakisimama, yakiruka kama mbuzi aliyekata kamba. Sarpong aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake, akayapigia mstari wa wino mwekundu, na pembeni akaandika: anatunga.

Dakta Mansa aliinuka akaenda kabatini. Akarudi na vitu viwili vilivyomshangaza Sarpong, maana vilikuwa kokwa za mchikichi zilizotobolewa na kuunganishwa kwa njiti za ufagio. Mifano ya plastiki ya kufundishia ilivunjika zamani, akasema, na fedha za kigeni za kuagiza mingine hazikuwepo. Kila kokwa ilikuwa atomu moja, na kitu cha kwanza kilikuwa kwinini, chembe moja yake iliyokuzwa mpaka ikatosha kushikwa; cha pili hakukitaja.

Akamtaka ahesabu. Sarpong akahesabu kokwa za kwanza, kisha za pili. Idadi sawa. Akamtaka afuatishe kidole kutoka kokwa hadi kokwa aone nani kashikana na nani. Mpangilio uleule.

"Basi ni kitu kimoja," Sarpong akasema.

"Viweke kimoja juu ya kingine."

Alijaribu. Akakigeuza cha juu, akakizungusha, akakilaza ubavu. Mahali pawili katikati, pale ambapo kipande kizito kiliungana na kingine, kokwa za kimoja zilikwenda kulia ambako za mwenzake zilikwenda kushoto. Kila alipolazimisha upande mmoja ukae, upande mwingine ulikataa.

Dakta akavua kandambili zake akazisukuma kwa mguu. Akamwambia avae ya kushoto mguu wa kulia. Zote mbili zimekatwa kwenye tairi moja, akasema, uzito mmoja, fundi mmoja. Ukizipima kwenye mizani huwezi kuzitofautisha, ukizichoma zitanuka moshi mmoja. Lakini mguu haudanganyiki. Na mwili wa mtu, ndani kabisa, umejaa miguu ya namna hiyo. Kila kiungo kina mahali pake palipochongwa kwa umbo lake, na kitu kikiingia mahali pa kitu kingine, mlango unaweza kufunguka ambao hukutaka ufunguke, au ukafungwa uliotakiwa kubaki wazi.

"Kwinini ina pacha?"

"Inaye. Huota naye kwenye gome moja, mti mmoja. Ni mchungu vilevile, hung'aa buluu vilevile, na zile dawa za Accra zingemgeuza kijani vilevile. Hata malaria anaiua. Sisemi kwamba ndiye uliyemleta humo. Nasema vipimo walivyofanya visingemjua."

"Na nini kingemjua?"

Alinyoosha kidole kwenye bomba refu la shaba lililolala juu ya meza, lenye tundu la kuchungulia upande mmoja na taa upande wa pili. Mwanga ukipitishwa kwenye kioo maalumu, akasema, hutoka umenyooshwa kama ubao uliosimama wima. Ukipita ndani ya maji yenye kwinini, ubao huo huinamishwa kushoto. Ukipita kwenye pacha wake, huinamishwa kulia.

Umeme ulirudi saa nane na dakika kumi. Taa ilianza kwa wekundu hafifu, ikachukua robo saa kukomaa ikawa ya manjano. Dakta alisema ndiyo taa pekee ya aina hiyo iliyobaki mjini na alikuwa akiitunza kama jicho.

Alifanya kila kitu mbele ya Sarpong na kumfanya aandike. Kwanza alipima kwinini ya zamani kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, gramu mbili katika maji ya asidi yaliyojaa mpaka alama ya mia, akaijaza kwenye mrija wa kioo wenye urefu wa sentimita ishirini. Akamwita achungulie. Sarpong aliona duara lililogawanyika, nusu ya manjano, nusu giza. Akaambiwa azungushe pete mpaka nusu zote mbili zilingane. Alizungusha kushoto. Zililingana kwenye nyuzi tisa na nusu.

Wakaosha mrija mara tatu. Dakta akapima unga wa Asuokwaa, uzito uleule, maji yaleyale. Kabla ya kuutia aliweka punje moja ulimini, akamnyooshea Sarpong punje nyingine. Uchungu ulimshika mpaka mzizi wa ulimi. Ulikuwa uchungu wa kwinini, ule aliolelewa nao, ambao mama yake alimkamatia pua ndio aumeze.

Alichungulia. Akazungusha pete kushoto, kwenye tisa na nusu. Nusu moja ikazidi kuwa giza. Akaendelea kushoto, ishirini, thelathini, giza halikutoka. Akarudi polepole mpaka sifuri, akavuka. Nusu zote mbili zililingana upande wa kulia, kwenye kumi na moja.

"Soma kwa sauti," Dakta akasema.

"Kumi na moja. Kulia."

Walirudia mara tano. Mara zote tano ilikuwa kulia.

Unaitwa kwinidini, Dakta akamwambia. Ulaya huwapa wazee wenye moyo unaokwenda ovyo, kwa kipimo cha uangalifu, daktari akiwa karibu. Hurefusha kile kituo ambacho moyo hupumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima mwenye afya, huenda asione kitu. Kwa mtoto aliyeharisha wiki mbili na kula kokonte tupu tangu Februari, aliyekwishapoteza chumvi ambazo moyo huhitaji ili upige, kituo kile hurefuka mpaka moyo ukasahau zamu yake.

Sarpong alimwomba aandike cheti. Akaandika kurasa mbili, namba zote, akatia sahihi na mhuri wa idara. Wakati wino ukikauka, Sarpong aliuliza kama kipimo hiki kingeweza kufanywa Accra mwezi Juni. Dakta akasema kiko kwenye kitabu, kila mkemia anakijua. Pengine taa yao imekufa, pengine mtu alichoka. Vipimo vitatu vikikubali, cha nne mtu huona ni ushuhuda wa bure.

"Kwa hiyo kama ningekuja kwako moja kwa moja, kabla ya tarehe kumi na nne."

Dakta Mansa akamkabidhi karatasi, akainama kuzima taa.

Lori la kwanza lenye mafuta liliondoka kesho yake asubuhi, na Sarpong alifika Asuokwaa saa sita. Hakupita kituo cha polisi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango nyuma yake.

Mzee Okine, mtoa dawa, alikuwa mtu wa kabila la Waga kutoka Accra, aliyetumikia vijiji vya Waasante miaka thelathini na moja. Koti lake jeupe lilikuwa na viraka lakini halikuwa na doa. Alisimama, akamkaribisha, akamuuliza habari za njia. Sarpong akamtaka alete kopo la unga na daftari la dawa, akaviweka mezani, akamwambia akae.

Kopo lilikuwa la bati, la ujazo wa kilo. Juu yake palikuwa na karatasi mpya iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa Okine: KWININI. Sarpong alitoa kisu kidogo, akaichambua pembeni. Chini yake hapakuwa na lebo ya zamani ila mikwaruzo ya wembe na gundi iliyoganda.

"Lebo ya kwanza iko wapi?"

Okine akasema iliharibiwa na unyevu. Kopo lilikuja katika sanduku la msaada wa kanisa fulani la Ujerumani, mabaki ya hospitali iliyofungwa, na maandishi yalikuwa ya Kijerumani, nusu yameliwa na kuvu. Kwa Kijerumani kwinini ni neno fupi. Aliona mwanzo wa neno, akaona mwisho wake, katikati pametoboka. Akaonja. Akajua ni kwinini.

"Unyevu hautumii wembe, Mzee Okine."

Mzee akamsogezea daftari.

Sarpong alifungua daftari. Hakuwa na haraka. Alisoma kwa sauti, jina kwa jina, kila mtoto aliyeandikiwa homa kuanzia tarehe saba Mei. Dawa ya maji, kijiko kimoja, mara tatu. Dawa ya maji, kijiko kimoja, mara tatu. Aliposoma majina ishirini na tisa alisimamisha kidole.

"Tarehe ishirini na sita Mei. Naa Dedei Okine, miaka mitano, homa kali. Huyu ni nani?"

"Mjukuu wangu."

"Soma alichopewa."

"Unakiona."

"Nataka nikusikie wewe."

"Klorokwini," Okine akasema. "Vidonge."

"Klorokwini ilikwisha Aprili."

"Nilikuwa na vidonge kumi. Vyangu. Nilivinunua mwenyewe."

"Sikuulizi umevipata wapi. Mtoto wa nne alikufa tarehe ishirini na nne. Siku mbili baadaye mjukuu wako anaugua, na katika mji mzima yeye peke yake hapewi dawa ya maji." Sarpong alifungua ukurasa mwingine. "Na baada ya mimi kulirudisha kopo, hakuna tena kijiko kimoja. Ni nusu kijiko, kila mahali. Hakuna daktari aliyeagiza hivyo, nimeuliza. Ulijua lini?"

Okine alivua miwani akaiweka juu ya daftari. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na Sarpong akaandika. Baada ya mtoto wa nne alikwenda kuitazama lebo kwenye mwanga wa jua. Lile tundu la katikati lilikuwa kubwa mno kwa neno fupi. Palikuwa na nafasi ya herufi mbili zaidi. Alikumbuka kwamba aliwahi kusoma, miaka ya ujana wake, habari za ndugu wa kwinini anayepewa wagonjwa wa moyo. Hakuwa na uhakika. Hakuwa na namna ya kupima. Akaikwangua ile lebo ili asiione tena.

"Mtoto wa tano alikufa baada ya hapo," Sarpong akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniona namchukua Sista Dufie. Ulisimama pale nje, nilikuona. Wanamrushia mawe, na wewe umesimama."

"Accra ikasema ni kwinini halisi. Nikajiambia basi, nilikosea, ni uzee. Karatasi iliyosema unga urudi ina sahihi ya nani, Inspekta? Mimi sikuiweka."

Sarpong aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari.

"Kama uliamini kwamba ulikosea," akasema, "kwa nini ukakata kijiko nusu?"

Nje, mtu alikuwa akitwanga kitu kigumu kwenye kinu kitupu.

"Wengine thelathini na wanane wako hai," Okine akasema mwishoni. "Wahesabu na hao. Walikuja hapa wanaweweseka, wakatoka kwa miguu yao. Bila lile kopo nusu yao mngewazika. Nilikuwa nikilishika kila asubuhi, mwanangu, na kila asubuhi nilikuwa sijui kama naua au naponya."

"Ulijua vya kutosha kwa mjukuu wako."

Mzee akafunika uso kwa viganja vyake. Sarpong alimsomea maelezo, akampa kalamu, naye akatia sahihi kwa mwandiko uleule mzuri. Koplo akaja akampeleka. Okine hakupinga, ila aliomba avue koti kwanza, akalikunja, akaliacha juu ya kiti.

Kulikuwa na kosa gani la kumwandikia, Sarpong hakujua vizuri. Kuficha ushahidi, ndiyo. Kuacha asiye na hatia afungwe, ndiyo, na hapo aliyemfunga angeitwa shahidi. Kwa vifo saba vyenyewe, waliolituma kopo walituma dawa ya kweli, na maabara haikuandika uongo hata mmoja.

Alikwenda mahabusu akafungua mlango mwenyewe. Sista Dufie alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Kovu la jiwe lilikuwa bado bichi juu ya nyusi. Sarpong alimwambia yote akiwa amesimama, kopo, pacha wa kwinini, daftari. Akamwambia kuhusu mapigo. Kwamba alichokisema siku ya kwanza kilikuwa kweli, na kwamba kama angesikilizwa siku ile, kopo lisingerudi. Akasema anamwomba radhi.

Dufie alikuwa na swali moja. "Baada yangu, nani mwingine?"

"Boatemaa. Na Fofie."

"Fofie wa Maame Kyerewaa?"

"Ndiye."

Alikubali kwa kichwa. Akaomba maji ya kunawa, akafunga kitambaa chake, akatoka. Sarpong alidhani angekwenda kwa dada yake mji wa pili, na alikuwa tayari kumtafutia lori. Dufie akashika njia ya kituo cha afya. Watu waliokuwa barazani walimfuata kwa macho alipopita. Hakuna aliyerusha jiwe, na hakuna aliyemsalimu.

Sarpong alimfuata kwa sababu kopo lilikuwa bado kwenye chumba cha dawa na lilikuwa ushahidi. Alilifunga kwa kamba, akamwagia nta, akapiga mhuri. Alipotoka nalo kibarazani, mama mmoja kijana aitwaye Konadu alikuwa amesimama mbele ya Dufie na mtoto mgongoni. Hakuwa na habari za pacha wala za Kumasi. Alikuwa ametembea tangu asubuhi kutoka shambani kwa sababu alisikia kituo kina dawa. Mtoto, msichana wa miaka mitatu aitwaye Afrakoma, alikuwa anatetemeka mpaka kitambaa cha mgongoni kilikuwa kinatikisika.

Dufie alimpokea, akamlaza benchini, akamgusa shingo. Akahesabu mapigo kwa midomo. Akainua macho kwa Sarpong.

"Vidonge vya Mzee vimebaki?"

"Vilikuwa kumi. Alimpa mjukuu vyote."

"Wilayani?"

"Nimeuliza juzi. Wanasema mwezi ujao."

Macho ya Dufie yalishuka kwenye kopo ambalo Sarpong alikuwa amelikumbatia. "Nusu kijiko," akasema kwa sauti ambayo Konadu asingeisikia. "Mzee alipoanza nusu kijiko, walikunywa wangapi?"

Sarpong alijua hesabu hiyo kwa moyo. "Kumi na wawili."

"Wakafa wawili."

"Ndiyo."

"Na robo je?"

"Sista, sijui. Hata Dakta hajui. Hiki ni kitu cha mahakama."

"Sikuulizi habari za mahakama. Wewe ndiye unayelishika. Niambie nimpe, au niambie nisimpe."

Konadu alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuelewa kwenye nyuso zao kama dawa ipo. Sarpong aliona nta ilikuwa bado laini, na alama ya kidole chake imebaki ndani yake. Angeweza kuivunja kwa ukucha. Alifikiria Boatemaa, akafikiria sahihi yake. Akatikisa kichwa.

Dufie hakubishana. Aliomba ndoo na kitambaa, akaanza kumkanda mtoto kwa maji, kichwa, kifua, miguu, akianza upya kila alipomaliza. Alimkanda mchana ule wote na kesho yake asubuhi. Afrakoma alikufa saa saba mchana, mwili wake ungali wa moto.

Ripoti ya Inspekta Sarpong ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na cheti cha Kumasi kilibandikwa nyuma yake. Iliorodhesha majina saba na tarehe saba. Alilichukua faili mara tatu ili aongeze la nane, na mara tatu alilirudisha, kwa kuwa mtoto yule hakunywa kitu chochote, na upelelezi ulihusu waliokunywa.